Daraja la Odera

Nilikuwa bado mtoto, mwanzoni mwa miaka ya sitini, na tuliishi karibu na Osiri, upande wa Migori. Kijito chetu kilikuwa kidogo, ng'ombe walikivuka bila kulowa tumbo. Hata hivyo wenye mgodi walikuwa wamejenga juu yake daraja la reli, vyuma vimekingamana pande zote mbili, ili vigari vya mawe vipite. Mgodi ulipofungwa vigari viliondoka, daraja likabaki.

Mama mzaa baba, tuliyemwita Dani, alisema daraja lile hushika watu. Lilipojengwa, kijana aitwaye Odera alianguka majini wakati wa mafuriko, na mwili wake haukupatikana. Hakuzikwa kwao, basi alikuwa bado pale.

"Ukipita, mwite jina," Dani aliniambia. "Mwambie unapita tu."

Mama yangu alikuwa Msabato. "Mama, tafadhali, usimfundishe mtoto kusema na wafu," alimjibu mkwewe kwa heshima, lakini bila kutabasamu.

Jumamosi moja mvua kubwa ilinyesha tukiwa kanisani. Tuliporudi, kivuko cha mawe kilikuwa kimefunikwa, ikatubidi tupite darajani. Mama alinishika mkono. Jina la Odera lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza kwa kumwogopa mama. Katikati ya daraja, taruma moja bovu, ule ubao unaolazwa chini ya reli, lilititia. Mguu wangu ukazama hadi gotini, ukabanwa kati ya mbao na chuma.

Mama alivuta, nikapiga mayowe. Alijaribu kuinua ubao, haukutikisika. Chini yetu magogo yaligonga nguzo na daraja zima likatetemeka. Maji yalinigusa kisigino, kisha muundi. Mama aliita watu, hakuna aliyeitika. Akaomba kwa jina la Yesu, tena na tena, hadi sauti ikamkauka.

"Mama, nimwite?" niliuliza.

Alipiga magoti, akainamisha uso hadi kwenye ule upenyo, akasema kwa Kijaluo, taratibu, kama anayeomba kitu kwa jirani: "Odera, yie iwe nyathina." Odera, tafadhali mwachie mtoto wangu.

Labda nililegea kwa kuisikia sauti ile. Labda maji yalinitelezesha. Mguu ulitoka umechunika, kiatu kikabaki huko. Mama alinibeba mgongoni hadi ng'ambo, huku akilia.

Hakumsimulia mtu yeyote. Kwa muda mrefu alikaa viti vya nyuma kanisani, wala hakusimama kutoa ushuhuda. Nilidhani amenikasirikia.

Alipokuwa mzee nilimwuliza kama siku ile alimwamini Odera.

"Kuamini wapi?" alisema. "Nilikuwa nimeshawaomba wengine wote."

Miaka yote ile nilifikiri kwamba pale darajani imani ya mama ilimshinda. Sasa nina watoto wangu, na sidhani kama alishindwa na chochote.