Mkataba Uliosomwa Barazani

Watu wakisikia niliwahi kulipwa kucheza mpira wa kikapu ughaibuni, huniuliza kwanza nilipata pesa ngapi. Huwajibu kwamba zilitosha. Lakini nikipata msikilizaji mwenye subira, humsimulia habari ya babangu na kocha wangu, na alasiri moja waliyoketi kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaa wa Kuze.

Babangu alikuwa fundi wa kanzu. Mchezo wenyewe hakuujua. Alichojua ni kwamba nilizidi kurefuka na kila Idi ilibidi anishonee suruali mpya. Kocha alikuwa mtu wa bara, Mkristo, karani bandarini. Aliniona nikichezea shule, akanifundisha kwa miaka bila kutaka chochote, kisha akaniingiza katika timu ya kazini kwao.

Nilikuwa kijana bado klabu moja ya Uarabuni iliponiletea mkataba. Mshahara wa mwezi mmoja ulizidi alichokipata babangu kwa mwaka mzima. Nikaitisha kalamu pale pale. Kocha, aliyekuwa ameketi na babangu barazani, akaomba kwanza ausome. Aliusoma taratibu mpaka kahawa ikapoa, kisha akamgeukia babangu.

"Sheikh, pesa ni nzuri. Lakini hawakusema nani atamtibu kijana akiumia."

"Basi hatii sahihi," babangu akasema.

Nilihisi wawili hawa wananifungia riziki. Kocha aliwaandikia wale watu waongeze kifungu cha matibabu, na majibu yalikawia. Mwishowe wakakubali.

Nilicheza huko misimu minne. Nilinunua saa na viatu ambavyo leo sijui viliishia wapi, lakini sehemu kubwa nilimtumia babangu, naye akaninunulia nyumba ya kupangisha huko Majengo. Msimu wa nne niliruka kuudaka mpira, nikatua vibaya, goti likapinda. Daktari akasema kano zimekatika. Klabu iligharimia upasuaji na kunilipa mpaka msimu ulipokwisha. Mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa ameumia kabla yangu, na mkataba wake haukutaja matibabu. Yeye alirudishwa kwao na magongo na tikiti ya ndege, basi.

Sikucheza tena. Goti hili hunisumbua mvua zikinyesha, lakini natembea. Kodi ya Majengo inatulisha mimi, mke wangu na wanetu, na jioni nafundisha wasichana mchezo huu katika uwanja mmoja karibu na Makupa.

Mwaka jana kocha, ambaye alistaafu akarudi kwao bara, alikuja kututembelea. Babangu haoni vizuri siku hizi, ila alimjua kwa sauti, akamkalisha karibu naye. Nikamuuliza kocha jambo lililonikaa moyoni miaka yote: ilikuwaje akafikiria matibabu siku ile, na sisi sote tukiwaza mshahara?

Akatueleza kwamba alikuwa na ndugu yake, mpagazi, aliyeangukiwa na mzigo kazini, na hakuna aliyemlipia hata dawa. Ndugu huyo alikufa kitandani, kocha akimtazama.

"Yeye sikuweza kumsaidia," alisema. "Kwako wewe, wakati ulikuwa bado upo."

Nilimshukuru. Babangu alinyoosha mkono, akautafuta wa kocha, akaushika. Mke wangu alipoleta sinia ya wali, walikuwa bado hawajaachana.