Doa Lililokawia Kuwa Jekundu

Enzi zetu sisi wa milima ya Mbooni, msichana hakuulizwa amesoma hadi darasa gani, aliulizwa kama anajua magome. Wenzangu mnakumbuka ukungu wa asubuhi, uji wa wimbi ukinukia, na ule ukoga mkavu wa kijivu ulioshika miti kama viraka. Huo ndio uliotupa rangi ya viondo, vikapu vyetu vya kusuka.

Shida, ulikuwa wa aina mbili zinazofanana kama pacha. Mmoja ulitoa hudhurungi ya kupendeza, mwingine haukutoa kitu. Nyumbani, aliyeweza kuutambua ule wa rangi ni Susu peke yake, ndivyo tunavyomwita nyanya, huyu mzaa baba, na mwaka ule macho yake yalikuwa yanafifia. Dada yangu Ndunge alikuwa anaolewa, na kiondo cha kwenda nacho kwa wakwe kilikuwa bado nyuzi nyeupe. Nikatumwa mimi.

"Kwaruza kwa kucha, dondoshea maji ya magadi, halafu utulie," Susu aliniambia.

Mimi na kutulia wapi na wapi. Niliona doa la manjano, nikajaza kikapu mbio mbio. Tulipochemsha, nyuzi zilitoka na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Ndunge akalia, na aibu ile ninayo hadi leo.

Susu hakunigombeza. Alinishika bega tukapanda mlima pamoja. Nikakwaruza, nikadondosha, doa likawa la manjano.

"Bado," akasema. "Ule wa bure huishia hapo."

Tukakaa. Polepole umanjano ukaiva, ukawa mwekundu kama damu. Nilipomwambia, alinitemea mate kifuani, baraka za wazee wetu, akasema, "Sasa hata nikipofuka, wewe unaona." Ndunge alikwenda kwa wakwe na kiondo chake.

Siku hizi rangi inanunuliwa sokoni Emali, imefungwa kwenye vikopo, na vijana hawana subira hata ya chai kupoa. Juzi mjukuu wangu, msomi, alikuja na kioo cha kukuzia na kitabu kizito. Akachungulia gome kutwa nzima, akasema lazima lipelekwe mjini likapimwe. Nikamtuma jikoni alete magadi, akakwaruza, akadondosha. Doa lilipokuwa la manjano, akaandika, akafunga kitabu.

"Bado," nikamwambia.

Akatazama saa yake, lakini akakaa. Macho yangu nayo sasa yamefifia, sikuona kitu. Ni yeye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, "Susu, limekuwa jekundu."

Nikamvuta karibu, nikamtemea mate kifuani.