Mifupa ya Binti Yangu

Binti yangu alilia tangu siku aliyozaliwa, na alilia zaidi kila alipobebwa. Mama mkwe alisema mikono yangu ni migumu. Nilikuwa nimefanya kazi ya kuosha mchanga wa dhahabu pale Kharumwa hadi mimba ilipokuwa kubwa, na yeye aliamini zebaki ya kukamatia dhahabu ndiyo iliyomwingia mtoto.

Hospitalini walipompiga picha ya eksirei, waliona mbavu zimevunjika, nyingine zimeshaanza kuunga. Tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Huko akaja afisa ustawi wa jamii, akasimama kando ya kitanda changu, wodi nzima ikisikiliza.

"Mama, nyumbani nani anampiga huyu mtoto?"

Niliangalia sakafu. Mama wa kitanda cha jirani, niliyekuwa nikigawana naye uji, alimvuta mwanawe upande wa pili. Tangu hapo nikawa nanyonyesha nimegeukia ukutani, nimejifunika kitenge hadi kichwani.

Daktari wa watoto ndiye aliyetilia shaka habari hiyo ya kupigwa. Akapima damu ya mtoto, akakuta kalsiamu imezidi mno. Akatupima na sisi. Mimi yangu ilikuwa juu kidogo. Ya mume wangu, mchimbaji asiyejua kuumwa hata kichwa, vilevile.

"Kila mmoja wenu ana nakala moja ya kinasaba iliyobadilika," alitueleza. "Nyinyi haiwasumbui. Mtoto amerithi zote mbili, kwa hiyo tezi zake za shingoni zinaichota kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Mifupa inabaki laini. Hakuna aliyempiga."

Nilifurahi kusikia mume wangu naye anayo. Mwanamke mzima, nilifurahi kwamba ubovu haukuwa wangu peke yangu, na mtoto amelala pale na mbavu zake. Nilishindwa kumtazama mume wangu usoni.

Mtoto alifanyiwa upasuaji, tezi zikatolewa. Tuliporudi nyumbani, mume wangu alimwambia mama yake hata kabla hatujakaa:

"Mayu, ugonjwa huu umetoka kwangu na kwake. Huenda hata kwako umo."

Mama mkwe akanyoosha mikono apewe mjukuu. Hajaniomba radhi hadi leo.

Sasa binti anatembea, miguu imepinda kidogo, na anameza dawa kila siku kushika kazi ya tezi zilizotolewa. Akianguka mbele za watu, bado naangalia kwanza ni nani aliyeona, ndipo nimwinue.