Kifuniko cha Tangi

Fundi mmoja wa mji wa Szeged hakuruhusu mtu aguse mashine yake ya kung'arisha vyuma. Alimimina nati na vifuniko vya pikipiki humo pamoja na vijiwe vya kusugulia, kisha akaweka kiganja ubavuni mwa mashine ikitetemeka, kama anayepima homa ya mtoto. Kila kipande alikipangusa kwa kidole gumba kilichopasuka kwa mafuta ya taa. Piroska alipofuata vipande vya pikipiki ya marehemu mumewe, fundi alimkabidhi kwanza kifuniko cha tangi, kiking'aa. Piroska akakipapasa, akakigeuza, akakipapasa tena.

"Hapa mume wangu alichora jina langu kwa msumari."

"Mikwaruzo nimeiondoa yote, mama. Hukuniambia niiache."

"Sikujua kama inabidi kusema."

Fundi aliinama, akawasha mashine. Ndani mlikuwa na vijiwe vitupu.