Zabron Alivyowaogesha Mapacha wa Mbuzi

Shemeji yangu Zabron ni mtu wa usafi. Miaka yote aliyokuwa kinyozi pale Ipogolo, hata mimi mwenye domo sikuwahi kuona unywele sakafuni nikapata la kumsema. Macho yalipoanza kumsumbua, akafunga saluni, yeye na mkewe Yusta, mdogo wangu, wakahamia Rujewa kufuga mbuzi. Anawapenda mno. Mbuzi akitetemeka kidogo, shemeji anatafuta sweta.

Mvua zikianza, mbuzi wale huzaa kama wameambiana. Mwaka huu binti yao wa Mbeya naye akajifungua, Yusta akaenda kumlea. Akaniomba nikakae Rujewa.

"Dada Benedicta, usimwache na mbuzi peke yake."

Nikacheka. Kumbe hakuwa anatania.

Asubuhi moja nakoroga uji, nasikia kelele bandani. Nakwenda, namkuta Zabron amechuchumaa, beseni la maji ya vuguvugu pembeni, sabuni ya kunukia mkononi, taulo begani. Mbele yake mapacha, dume na jike, wamezaliwa sasa hivi, wanang'aa kama wanakwenda kubatizwa.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Walikuwa na uteute, Dada. Nimewasafisha."

"Na mama yao ulimi kapewa wa kazi gani? Wa kusengenyea?"

Mama yao, Malkia, ndio ulikuwa uzao wake wa kwanza. Aliwanusa, akapiga chafya, akawatandika kichwa. Mbuzi humjua mwanawe kwa harufu, na harufu yenyewe ilikuwa imebaki kwenye beseni. Na mtoto asiponyonya yale maziwa mazito ya kwanza mapema, hana maisha.

Nikamkamua Malkia kidogo, nikawapaka mapacha maziwa yake, nikanyunyiza na chumvi. Akalamba mara moja, akakumbuka hasira zake, akarusha teke. Tukamshika wanyonye kwa nguvu, akalala chini makusudi. Yule jike akaanza kulegea shingo.

"Watakufa," Zabron akasema. "Nitamwambia nini Yusta?"

"Mwambie wamekufa wasafi."

Nilisema hivyo huku nikimsugua yule jike kwa taulo. Hapo nikakumbuka alivyofanya marehemu mama kwa mbuzi mkaidi. Nikakimbia kwa jirani Sosthenes, nikarudi na mbwa wake kwenye kamba.

"Mbwa tena!" Zabron akalia. "Unakuja kumalizia?"

"Nyamaza wewe, fundi nywele."

Malkia alipomwona mbwa mlangoni, manyoya yakamsimama. Akapiga kwato chini, akajitia katikati ya mbwa na watoto, akamjia na pembe mpaka mbwa wa watu akajificha nyuma ya gauni langu. Nikamtoa nje haraka. Malkia akageuka, akawanusa wale watoto tena, taratibu, akaanza kulamba. Dume akapata chuchu. Jike, Zabron alimsukuma kwa kidole kimoja tu, na mara mkia ukaanza kucheza kama umetiwa betri.

"Ananyonya! Dada, ananyonya!"

Kinyozi mzima akawa anarukaruka juu ya mavi ya mbuzi na raba zake nyeupe. Akampigia mkewe simu hapohapo.

"Mama, tumepata mapacha! Wazima! Na Malkia hataki mtu awasogelee!"

"Hasa wewe," nikapaza sauti Yusta asikie.