Paa la Baba, Masizi ya Mama

Mpaka leo nikiona mwanamume kakaa juu ya paa nanuna. Nina sababu.

Baba alikuja Nkwenda na msafara kutoka pwani, akafungua duka la kaniki na chumvi, akamwoa mama, Mnyambo wa hapa hapa. Siku moja akarudi kutoka Bukoba ameona dohani kwenye nyumba ya Mjerumani, lile bomba la mawe na udongo linalotoa moshi nje. Hakutulia mpaka na yeye akajengewa lake, limechomoza juu ya nyasi za paa kama shingo ya korongo. Watu walikuja kulishangaa, wakanunua chumvi kwa kuona aibu kuondoka mikono mitupu. Kulisafisha je? Hilo hakuliona Bukoba.

Mwaka wa pili moshi ukachoka kupanda. Ulifika katikati ukarudi jikoni, na aliyekuwa jikoni ni mama. Kifua kilimbana hata akawa anapika amepiga magoti mlangoni, anachochea kuni kwa mti mrefu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Baba akamletea asali. Asali! Kama vile moshi una njaa.

Asubuhi moja, moto umelala, niliingiza kichwa mekoni nikatazama juu. Masizi yameota ndani manene kama manyoya ya kondoo, limebaki tundu la kupitisha ngumi. Nikasema napanda kuyakwangua. Mama mwenyewe, katikati ya kikohozi, akanizuia.

"Mwanamke hapandi paa baba yake akiwa hai. Unataka kumzika?"

Ndiyo mila ya hapa. Na baba, ambaye mila nyingine zote za hapa anaziita ushamba, hiyo aliipokea mikono miwili. Basi kazi akapewa kaka yangu, mwenye ruhusa ya kupanda ila hana hamu. Yeye akashauri tuwashe majani makavu ya migomba, moto mkubwa upande mara moja uyachome yote. Baba akakubali! Nikawauliza: masizi yakishika moto, cheche zitatokea wapi? Juu. Juu kuna nini? Nyasi. Chini ya nyasi? Kaniki zako, baba. Nilipotaja kifua cha mama alikuwa hasikii. Nilipotaja kaniki akasikia.

Tukafanya ninavyotaka mimi. Moto ulizimwa tangu jana yake, majivu yakazolewa yakiwa baridi, vyungu vikatoka nje. Mbele ya meko nikatundika ngozi kuukuu ya ng'ombe iliyolowa, nikajifunga kitambaa chenye maji puani. Ngazi nikaifunga mwenyewe isiteleze. Kwenye kamba nilifunga jiwe mwishoni na kitita cha matawi ya miiba katikati, ili mimi nivute chini, kaka avute juu. Nilimwomba kitu kimoja tu: asiangushe jiwe kabla hajaita na mimi sijaitikia.

Akaliangusha kimya. Lilitua pale mkono wangu ulipokuwa punde tu. Nilimtolea maneno ambayo chuoni kwa mwalimu wa Kurani hatukufundishwa.

"Si hujaumia, mdogo wangu?" akajibu kutoka juu, ametulia kama mfalme.

Tulivuta mpaka adhuhuri. Masizi yalishuka mapande mapande, na kiota cha ndege juu yake, vikapu vinne. Huko nje wapita njia walikuwa wanamtazama kaka na doa lake moja la masizi puani, wanamsifu kwa kumjali mama yake. Nikatoka mlangoni nikiwa mweusi kuanzia nywele hadi kucha, nikamwamkia mzee mmoja shikamoo. Badala ya marahaba akaniuliza kwa nini sijamletea kaka yangu maji ya kunawa. Nililia kwa hasira, machozi yakanichora mistari, nikachekwa na hiyo pia.

Jioni mama akawasha moto. Moshi ukanyooka juu. Akasogeza kigoda karibu na mafiga, jambo ambalo hakulifanya miezi mingi, akakohoa mara mbili, akanyamaza, akaendelea kumenya ndizi. Dukani tulimsikia baba akiwaeleza watu jinsi dohani inavyosafishwa.

Mama hakuinua uso. "Kiangazi kijacho baba yako na kaka yako nitawatuma Nyakasimbi kwa wajomba zako," akasema. "Na mimi macho yangu siku hizi hayaoni juu."

Ile kamba nikaitundika mahali ninapoifikia mwenyewe.