Siku Mvua Iliponyeshea Ndagala

Juzi jirani yangu alimnyang'anya binti yake kitabu akamtuma maji. "Kusoma ni kwa shule," aliniambia, "nyumbani ni kazi." Nilimjibu kwamba yeye apende asipende, binti atasomea barazani kwangu. Nilisikia sauti ya mama yangu mdomoni mwangu.

Nilipokuwa mdogo, hapa hapa Rumonge, mama alianika ndagala, wale samaki wadogo, nyuma ya nyumba, karibu na ziwa. Alasiri moja alinifungia chumbani nisome. Harufu ya samaki ilinifuata mpaka ndani, na nje niliwasikia wenzangu wakicheka huku wakigeuza ndagala za mama zao. Niliamini mama ameniona sifai kitu.

Ghafla mvua ikapiga mabati. Watu wakakimbilia samaki wao kwa kelele. Niliruka kwa furaha, nikidhani sasa nitahitajika, lakini mama alitokea mlangoni, amelowa chapachapa.

"Kaa. Soma kwa sauti, nikusikie."

Akarudi kuokota peke yake, nami nikasoma kwa kupiga kelele huku nalia. Ndagala nyingi ziliharibika.

Shangazi, dada wa baba, alikuja amewaka. "Mutoto wa kike iko ndani na kitabu, mali inaoza! Atakula masomo?"

Mama alikuwa akikamua kitenge chake. Alimtazama usoni.

"Wifi, acha ndagala zioze. Huyu hataozea kwangu."